Walther Nernst: mutu aliyefundisha jiwe kusoma moshi wa motokari

Mutu mwenye kutoka Kisangani kwenda Ubundu anavuka muto kwanza, anafika Lubunga upande wa kushoto, kiisha anaanza kuhesabu mashimo ya barabara. Ni pale Lubunga nilikutana na papa mumoja dereva, amesimama mbele ya gari yake ya esanse na uso wa huzuni. Ku tablo, ile taa ya njano yenye sura ya moteri ilikuwa imewaka. Fundi alikwisha kumwambia sonda ya oksijeni imekufa. Papa akatafuta feza, akanunua ingine, wakaifunga. Siku ya pili taa ikarudi. Fundi akakata waya ya taa, na papa akafikiri mambo imekwisha. Lakini gari iliendelea kunywa esanse kama mutu wa homa anavyokunywa maji, na eshapema ilikuwa inatoa moshi mweusi.

Kiisha wiki mbili, fundi mwingine, kijana tu, alilala chini ya ile gari na kusikiliza. Akakuta tundu mudogo ku tuyo ya eshapema, mbele kidogo ya fasi sonda inafungwa. Hewa ya inje ilikuwa inaingia pale. Sonda ilikuwa inapima ile hewa na kusema kwamba kuko oksijeni mingi, basi kompyuta ya gari ikaongeza esanse. Sonda ya kwanza haikuwa na ugonjwa wowote. Ilipima kile ilichokutana nacho, na ikafukuzwa juu ya habari mbaya iliyoleta.

Ndugu wasomaji na wasikilizaji, ile sonda ndogo, kubwa kama buji, iko na babu. Babu yake alikuwa Mujeremani mufupi mwenye masharubu na miwani, na mwenye kupenda motokari kuliko watu wengi wa wakati wake. Jina lake ni Walther Nernst. Alikufa zaidi ya miaka 80 iliyopita, na hakuona hata sonda moja ndani ya gari. Lakini bila kazi yake sonda haingekuwa. Naye pia, siku moja, alileta habari mbaya kwa wakubwa wa inchi yake, na wakamunyamazisha.

Mutoto wa muamuzi

Walther Nernst alizaliwa tarehe 25 mwezi wa sita 1864, katika muji mudogo wa Briesen, Prusia ya Mangaribi. Leo muji ule uko ndani ya inchi ya Polandi na unaitwa Wąbrzeźno. Baba yake alikuwa muamuzi wa tribinali. Kwa masomo ya sekondari alienda Graudenz, muji wa jirani. Inasemwa kwamba alipokuwa kijana alitaka kuwa mutunga mashairi, lakini kemia ikamushinda. Mapenzi ya tamthilia na maneno mazuri hayakumutoka mpaka uzee.

Wakati ule mwanafunzi wa Ujeremani aliweza kutembea toka chuo kikuu kimoja kwenda kingine, akifuata walimu wenye sifa. Nernst alisoma Zürich, Berlin, Graz na Würzburg. Kule Graz, mwaka wa 1886, akiwa na miaka 22, yeye na mwalimu wake Albert von Ettingshausen waligundua jambo jipya juu ya namna joto na sumaku vinazaa umeme ndani ya chuma. Mpaka leo jambo lile linaitwa kwa majina yao mawili. Mwaka wa 1887 akapata udokta Würzburg, kiisha akaenda Leipzig kufanya kazi na Wilhelm Ostwald, mumoja wa waanzilishi wa kemia mpya yenye kuchanganya hesabu na fizika.

Ni Leipzig, mwaka wa 1889, alipoandika ile hesabu iliyofanya jina lake lijulikane. Alikuwa na miaka 25 tu.

Hesabu ya maporomoko

Sisi watu wa Tshopo tunaweza kuelewa hesabu ile bila shida, sababu tunakaa karibu na maporomoko. Kati ya Ubundu na Kisangani, Lualaba inashuka ngazi saba, na ya mwisho njo ile ya Wagenia. Maji ya Ubundu iko juu, ya Kisangani iko chini. Ile tofauti ya urefu njo inaleta nguvu. Kama maji ingekuwa sawa pande zote mbili, muto ungelala kimya, na wavuvi Wagenia hawangekuwa na kazi ya kufunga mitego yao ndani ya maji makali.

Nernst alionyesha kwamba hata vitu visivyoonekana kwa macho vinafanya vile. Tuseme kuko pande mbili. Upande mumoja uko na chumvi ao gazi mingi, mwingine uko na kidogo. Kati yao kuko ukuta wenye kuacha chembe fulani tu zipite, zikibeba umeme. Hapo kunazaliwa nguvu ya umeme, ile tunaita volti. Tofauti ikiwa kubwa, volti inapanda. Tofauti ikiwa ndogo, volti inashuka. Pande mbili zikiwa sawa, hakuna kitu. Nernst aliandika hesabu yenye kusema volti ni ngapi kwa tofauti fulani na kwa joto fulani.

Maana yake ni kubwa. Kama unajua volti, unaweza kurudi nyuma na kujua tofauti. Unapima umeme, unapata habari ya gazi. Daktari anatumia hesabu ileile juu ya mishipa ya fahamu na moyo. Fundi wa batri pia. Na fundi wa motokari anaitumia kila siku, hata kama hakuisikia ku masomo.

Lampi, feza na motokari

Mwaka wa 1890 Nernst alifika Göttingen, muji wa wasomi. Kule alioa Emma Lohmeyer mwaka wa 1892, wakazaa watoto watano: wavulana wawili na wasichana watatu. Mwaka wa 1893 akatoa kitabu kikubwa cha kemia ambacho kilisomwa na wanafunzi wa inchi nyingi kwa miaka mingi. Kiisha akapewa taasisi yake mwenyewe.

Karibu na mwaka wa 1897 akaanza kazi ingine, ya kutengeneza lampi. Lampi za umeme za wakati ule zilikuwa na uzi wa makaa ndani ya chupa bila hewa. Zilikula umeme mingi na kutoa mwangaza kidogo wa rangi ya njano. Nernst akachukua unga mweupe unaotoka ndani ya mawe, oksidi ya zirkonio, akachanganya na oksidi ya itrio, akafanya kijiti kidogo kigumu kama cha sahani ya udongo mweupe. Kijiti kile kikiwa baridi, umeme haupiti kabisa. Ukikipasha moto sana, umeme unaanza kupita, na kinawaka mwangaza mweupe muzuri. Tena hakikuhitaji chupa bila hewa, sababu oksidi ni kitu ambacho kimekwisha kuungana na oksijeni: hakiwezi kuungua tena.

Shida ilikuwa moja. Ilikuwa lazima kukipasha kwanza, hata kwa kiberiti, ndipo kiwake. Baadaye wakaweka waya ndogo ya kukipasha. Tukumbuke kile kitu, tutakikuta tena chini ya motokari.

Nernst hakuwa musomi wa kuogopa feza. Aliuza haki ya lampi yake kwa kampuni AEG, na inasimuliwa kwamba bei ilifika marki milioni moja, tena feza taslimu, hakutaka kungojea asilimia ya mauzo. Mwaka wa 1900 lampi zake ziliangaza ku maonyesho makubwa ya Paris. Kule Marekani, kampuni ilifunguliwa Pittsburgh kwa kuzitengeneza. Lakini miaka michache kiisha, lampi zenye uzi wa tungsteni zikatokea, zenye kuwaka palepale bila kupashwa, na lampi ya Nernst ikaondoka sokoni. Yeye alikuwa amekwisha kula feza yake.

Na feza ile aliitumia kwa kile alichopenda: motokari. Alikuwa kati ya watu wa kwanza kuwa na gari Göttingen, wakati watu wengine walikuwa bado wanatembea na farasi. Motokari za wakati ule zilikuwa na nguvu kidogo, na milima iliwashinda madereva. Inasimuliwa kwamba Nernst alibeba ndani ya gari chupa ya gazi, ile wadaktari wa meno walitumia kwa kulaza wagonjwa, na akaiingiza ndani ya karbirateri kila alipofika ku mulima. Gazi ile inabeba oksijeni mingi. Oksijeni ikiongezeka, esanse inaungua kwa nguvu zaidi, na gari inapanda. Basi huyu mutu alikuwa anacheza na oksijeni ya moteri yake miaka 70 mbele ya kompyuta kuanza kufanya ile kazi.

Berlin na Brussels

Mwaka wa 1905 aliitwa Berlin, chuo kikuu cha heshima kupita vyote Ujeremani. Mwisho wa mwaka ule alitangaza wazo lake kubwa juu ya joto na baridi: namna vitu vinavyofanya vinapokaribia baridi kali kupita zote, digri 273 chini ya sufuri. Leo wanafunzi wanaijua kama sheria ya tatu ya termodinamiki. Ni juu ya kazi ile alipewa zawadi ya Nobel ya kemia ya mwaka wa 1920.

Kuko pia safari yake ya Brussels. Wakati ule inchi yetu ilikuwa imekwisha kuwa koloni ya Ubelgiji tangu 1908. Ubundu iliitwa Ponthierville, na reli ya kilometa 125 toka Stanleyville ilikuwa imefika tangu 1906, kwa kupita maporomoko. Katika Brussels alikaa tajiri mumoja Mubelgiji, Ernest Solvay, aliyepata utajiri katika kemia na kupenda fizika. Nernst akamushawishi aite wasomi wakubwa wa dunia, wakae fasi moja, wazungumze juu ya mambo mapya ya atomu. Mwaka wa 1911 wakakutana ndani ya hoteli: Marie Curie, Albert Einstein, Max Planck, Ernest Rutherford na wengine. Mukutano ule ulifungua njia ya fizika ya leo. Miaka miwili kiisha, Nernst na Planck walisafiri mpaka Zürich kumushawishi Einstein aje Berlin, naye akakubali.

Nernst alikuwa mutu wa kuona mbali, na alijua kuchagua watu. Wenzake walisema pia kwamba alikuwa na majivuno, na maneno yake yalikuwa na pilipili. Mambo yale mawili mara mingi yanakaa ndani ya mutu mumoja.

Vita inaingia nyumbani

Mwaka wa 1914 vita ya kwanza ya dunia ikaanza. Nernst alikuwa na miaka 50, macho yake hayakuona mbali, na hakuwahi kuwa askari. Lakini alikuwa na motokari. Akajitolea kama dereva wa jeshi, akabeba ujumbe mpaka Ufaransa, wakati majeshi ya Ujeremani yalikaribia Paris. Njo pale aliona kwa macho yake kwamba ushindi wa haraka ulioahidiwa hautakuja.

Kuko kazi ingine aliyofanya, na hatuwezi kuificha. Alisaidia jeshi kutafuta kemikali za kusumbua pua na macho ya adui ndani ya mashimo yao. Zile zake hazikufanya kitu, mpaka askari wa Ufaransa hawakuzitambua. Lakini mulango ulikuwa umefunguliwa. Kiisha yeye, Fritz Haber akaleta gazi ya klori, iliyoua watu Ypres, Ubelgiji, mwezi wa ine 1915. Mutu aliyejua namna gazi zinavyosema ukweli alikubali pia zitumiwe kwa kuumiza.

Vita ikamulipisha. Wavulana wake wawili wote walikufa ku vita. Nyumba ya Nernst ikabaki na wasichana watatu na wazazi wenye kilio. Vita ileile ilifika mpaka kwetu: askari wa Force Publique walipigana mpaka Tabora mwaka wa 1916, na watu wengi wa Mashariki walibeba mizigo ya jeshi kwa kichwa, wengine hawakurudi. Kilio kilikuwa Berlin, kilikuwa pia katika vijiji vyetu.

Ni wakati ule Nernst alileta ile habari mbaya. Wakubwa wa jeshi walitaka kuzamisha kwa submarini mashua zote zenye kwenda Uingereza, hata za inchi zisizo ndani ya vita. Nernst alikuwa amefika Marekani, alijua viwanda vyake na utajiri wake. Akaomba kuonana na mufalme Wilhelm wa pili, kwa kumuonya kwamba Marekani wakiingia vita, Ujeremani haitaweza kushinda. Alikuwa amepima, akaleta hesabu. Jenerali Ludendorff akamukatiza kwa ukali na kusema kwamba yale ni maneno ya mutu asiyejua kitu. Mazungumuzo yakaisha pale.

Mwezi wa pili 1917 submarini zikaanza kazi. Mwezi wa ine Marekani wakaingia vita. Mwezi wa kumi na moja 1918 Ujeremani ikashindwa. Waya ilikuwa imekatwa, taa haikuonekana tena, na moteri ikaungua.

Miaka ya mwisho

Kiisha vita alirudi ku kazi. Toka 1922 mpaka 1924 aliongoza taasisi ya serikali ya vipimo katika Berlin, fasi wanalinda ukweli wa kilo, meta na volti. Kiisha akaongoza fizika ku chuo kikuu. Karibu na mwaka wa 1930 alisaidia hata kutengeneza piano yenye kutumia umeme.

Mwaka wa 1933 Wanazi walichukua utawala. Wasomi Wayahudi wakafukuzwa ku vyuo. Wasichana wawili wa Nernst walikuwa wameolewa na Wayahudi, nao wakalazimika kuhama inchi pamoja na familia zao. Nernst alikuwa na miaka 69. Akaacha kazi, akaenda kukaa ku shamba lake Zibelle, mbali na Berlin. Kule alifuga samaki. Alipenda kueleza kwamba ni afazali kufuga samaki kuliko ngombe, sababu ngombe anatumia chakula mingi kwa kupasha tu mwili wake, na samaki anakaa na joto la maji. Hata uzee haukumutoa ku hesabu ya joto.

Walther Nernst alikufa kule Zibelle tarehe 18 mwezi wa kumi na moja 1941, katikati ya vita ingine. Leo kaburi lake liko Göttingen, ku makaburi yaleyale fasi Max Planck amelala.

Kijiti cheupe kinaingia ndani ya eshapema

Miaka miwili kiisha kifo chake, mwaka wa 1943, Mujeremani mwingine, Carl Wagner, alieleza kwa nini kile kijiti cheupe kinapitisha umeme. Ndani yake, ni chembe za oksijeni zenye kutembea, zikiruka toka nafasi moja tupu mpaka ingine. Basi vipande viwili vya kazi ya Nernst vikakutana: hesabu ya 1889 na jiwe la 1897. Ukiweka lile jiwe kama ukuta, upande mumoja hewa ya inje, upande mwingine moshi wa gari, unapata volti yenye kusema oksijeni ni ngapi ndani ya moshi.

Kampuni Bosch ilifanya kifaa kile kikatoka kiwandani mwaka wa 1976, ku motokari za Volvo zilizouzwa California, fasi sheria ya moshi ilikuwa kali. Wakakiita sonda lambda.

Kazi yake njo hii. Kwa kuungua vizuri, kilo moja ya esanse inahitaji karibu kilo 14,7 za hewa. Hewa ya inje iko na oksijeni asilimia 21. Kama esanse ni mingi kupita hewa, oksijeni ndani ya moshi inaisha, tofauti na inje inakuwa kubwa, sonda inatoa karibu volti 0,9. Kama hewa ni mingi, oksijeni inabaki ndani ya moshi, tofauti inapungua, sonda inatoa karibu volti 0,1. Kompyuta inasoma, inapunguza ao kuongeza esanse, mara nyingi kila dakika. Na kama lampi ya zamani, lile jiwe halifanyi kazi mpaka lipashwe, zaidi ya digri 300. Njo maana sonda nyingi ziko na waya ndani ya kuzipasha.

Pima kwanza, nunua kiisha

Mafundi wetu wa Kisangani, Ubundu, Kindu, Bunia ao Butembo wanaweza kufuata njia ya Nernst: kupima mbele ya kuhukumu. Hizi ni hatua kwa gari ya esanse yenye injeksio. Moto ya karbirateri na lori za zamani za mazutu hazina sonda hii.

Kwanza, soma kodi na skana. P0135 inasema shida iko ku sehemu ya kupasha sonda. P0171 inasema moteri iko na hewa mingi ao esanse kidogo, P0172 inasema esanse ni mingi. Hizi mbili za mwisho hazisemi kwamba sonda imekufa. Mara mingi zinasema kwamba sonda inafanya kazi yake.

Pili, tafuta kwa macho na masikio. Sikiliza kama eshapema iko na tundu mbele ya sonda. Angalia tuyo za hewa zenye kupasuka, filtri ya hewa yenye kujaa mavumbi, buji zenye kuchakaa, pompi ya esanse yenye kuchoka. Ku barabara ya Ubundu, matawi na matope vinavuta waya za chini. Na kama gari yenye moto sana inaingia ndani ya maji, lile jiwe linaweza kupasuka, kama gilasi ya moto yenye kutiwa maji baridi.

Tatu, pima sehemu ya kupasha. Zima gari, toa pulagi ya sonda. Ku sonda ya waya ine, waya mbili za rangi moja ni za kupasha. Multimetri inapaswa kuonyesha omu chache, mara mingi kati ya 3 na 20. Ikionyesha kwamba njia imekatika, sehemu ile imekufa kweli. Lakini angalia pia fuzibo na kama volti 12 inafika ku pulagi.

Ine, pima volti. Rudisha pulagi, washa moteri mpaka ipate joto, ishike ku tours 2.000 hivi. Multimetri ya dijitali ku waya ya ujumbe inapaswa kupanda na kushuka kati ya 0,1 na 0,9, mara kadhaa kwa sekunde 10. Kama inakwama ku 0,45, ao inatembea polepole kama muzee, sonda inashukiwa. Jaribu mara ya mwisho: toa tuyo moja ndogo ya hewa, volti inapaswa kushuka. Funga hewa kidogo ku mulango wa filtri, inapaswa kupanda. Kama inajibu, iko hai, ugonjwa uko fasi ingine.

Angalisho moja. Toyota nyingi za miaka ya 2000 na kuendelea ziko na sonda ya aina ingine mbele ya katalizeri, yenye kupima kwa upana zaidi. Ile haipimwi namna hii. Inasomwa ku skana.

Ikiwa kweli imekufa, fungua moteri ikiwa na joto kidogo, na ufunguo wa 22. Usitie grisi ku ncha wala kuiosha na esanse, na usitumie gundi ya silikoni karibu yake, sababu silikoni inaua lile jiwe. Usitie grisi ku waya: sonda nyingi zinapumua hewa ya inje kupitia mulemule. Kiisha futa kodi, tembeza gari, soma tena. Kama kodi inarudi, haukupata ugonjwa.

Yule papa wa Lubunga alifunga tundu ya eshapema kwa kulehemu, kwa feza kidogo kuliko bei ya sonda. Fundi kijana akarudisha pia ile waya ya taa iliyokatwa. Papa alishangaa: taa imezimika sasa, kwa nini kuirudisha? Kijana akamueleza kwamba barabara ya Ubundu ni ndefu, na siku moja itakuwa na kitu cha kumwambia.